Blanketi Mwezi wa Nane

Mahabusu ya kukodi, Texas kaskazini
9 Septemba 2024

Dada Natividad,

Pokea salamu za mdogo wako Refugio, ambaye dunia nzima inamwita Cuco, ila humu ndani anaitwa kwa namba. Mimi mzima. Chakula ni kibaya lakini kidogo, basi hakinisumbui muda mrefu. Jela ya wilaya yetu imejaa hadi mlangoni, kwa hiyo wametukodishia vitanda huku, maili mia tano kutoka Santa Rufina. Nimesafiri sana maishani, unajua, lakini mara hii ndiyo ya kwanza serikali kunilipia.

Nakuandikia kwa sababu simu huisikii hata mtu akikupigia kutoka jikoni kwako. Tena wakili niliyepewa, mama mmoja anayesukuma mafaili yake kwenye kigari cha dukani, kaniambia: "Mzee Longoria, simu zinarekodiwa, na mdomo wako umeshakufunga mara moja."

Amesema kweli. Sikia ilivyokuwa, usisikilize ya kanisani.

Comadre Elodia alikuwa na siku sita hajawekwa kwenye mashine ya figo. Unajua hospitali ya mjini ilivyo: mtu asiye na karatasi za uhamiaji hawamsafishi damu mpaka wamwone anakata roho. Basi nimesubiri mpaka midomo imebadilika rangi, nikamlaza kiti cha nyuma, nikawasha gari. Nje joto la kukaanga mayai, yeye meno yanagongana. Akajifunika lile blanketi la chui-milia aliloshinda marehemu mumewe Isauro kwenye maonyesho. Nikakata njia ya mashamba, maana inaokoa dakika ishirini.

Askari wa jimbo akanisimamisha penye mizani ya ng'ombe.

"Nani huyo chini ya blanketi?"

"Chui, bwana askari. Ukimwamsha shauri yako."

Hakucheka. Mtu asiyecheka ni wa kumwogopa, lakini mimi nilimhurumia. Akauliza, "Ana karatasi?" Nikamwambia anazo, za hospitali. Akauliza, "Mbona hukupita barabara kuu?" Hapo ndipo mdogo wako alipojichimbia. Nikasema: "Kijana, mimi nimeendesha gari kutoka hapa mpaka Chicago na kurudi kabla mama yako hajaposwa. Njia za wilaya hii nazijua kuliko ng'ombe. Nikitaka kumpitisha mtu usimwone, hutamwona."

Alikuwa na kamera kifuani, Dada. Ndogo kama kifungo cha shati.

"Ni ndugu yako?"

"Zaidi ya ndugu. Ni comadre wangu."

Wakili kanieleza sheria ilivyokazwa: ukimbeba mtu asiye na karatasi kwa nia ya kumficha, miaka kumi, na jaji haruhusiwi kupunguza hata siku moja. Akiwa ndugu yako wa damu au wa ndoa, mitano. Nikauliza, na comadre je? Akapekua. Akapekua tena. "Comadre hayumo."

Comadre maana yake mimi nilimshika mwanawe juu ya maji ya ubatizo. Akapewa jina langu. Akaishi siku kumi na moja, na jeneza lake nilibeba mimi, chini ya kwapa, kama mkate. Sheria inasema mimi na mama yake hatujuani.

Haya, sasa la maana: nani anampeleka comadre hospitali? Ufunguo wa gari polisi wameuchukua pamoja na gari. Tafuta mtu, Dada. Mwambie comadre asije akajitolea kuendesha mwenyewe. Miaka yote ananiambia, "Nipe usukani, Cuco, unaendesha kama padre," na miaka yote namwambia, "Huna leseni, mama, utanitia matatani."

Wako, mwenye namba,
Cuco

---

Santa Rufina
22 Septemba 2024

Cuco,

Nimeipata barua yako. Umeandika mengi kuliko uliyowahi kuandika ulipokuwa shule, kama ile miaka minne tunaweza kuiita shule.

Comadre yuko nyumbani. Askari yuleyule alimpeleka hospitali mwenyewe baada ya kumwona amezimia. Wakaja watu wa uhamiaji, wakauliza mashine inagharimu kiasi gani, wakaambiwa, wakasema hawana nafasi. Akarudi na basi, akiwa na bangili ya hospitali mkononi.

Wa kumpeleka nimemtafuta. Nilianza kwa Don Ambrosio, maana mke wake ulimpeleka wewe kwenye mashine hiyohiyo miaka mitatu bila kukosa. Alikuwa anamwagilia pilipili zake. Hakuzima mpira wa maji.

"Nati, nina wajukuu."

"Naye ana figo, Ambrosio."

"Miaka kumi, Nati. Nina sabini na moja. Nisaidie kuhesabu."

Padre amelifungia gari la parokia. Bima wamemwambia likikamatwa na mtu asiye na karatasi ndani, litachukuliwa. Mwalimu wa darasa la pili alisema atafikiria, halafu akaanza kupita njia nyingine kwenda kazini. Mimi macho yangu unayajua. Leseni wameninyima tangu Pasaka.

Tumebaki na gari la wagonjwa pale kituoni. Ni moja kwa mji mzima, lakini lile haliulizi karatasi. Limempeleka mara mbili. Usiwe na wasiwasi. Mimi nipo ofisini kwa madiwani kama kawaida, napiga chapa mihutasari yao, nasikia kila kitu kabla ya watu.

Kula hata kama ni kibaya.

Natividad

---

Mahabusu ya kukodi
14 Oktoba 2024

Dada yangu mpendwa,

Barua yako sikupewa karatasi. Zinakwenda kwanza kwa kampuni fulani jimbo jingine huko, zinapigwa picha, halafu tunazisoma kwenye kioo ukutani, kwa foleni. Inachukua wiki mbili, mara nyingine tatu. Nimeweka pua kwenye kioo nione kama nitasikia harufu ya maharage yako. Mlinzi kaniambia niache kulamba mali ya umma.

Nimejua bei yangu. Wilaya yetu inawalipa hawa dola themanini na tano kwa siku kwa ajili ya kitanda changu. Dada, hakuna mtu amewahi kunitunza kwa bei hiyo! Mke wangu wa kwanza alinifukuza nikiwa bure.

Humu chumbani tuko ishirini na wawili, kumi na mmoja kesi yetu ni moja. Yupo fundi wa mabomba aliyewapa lifti wenzake wa kazini. Yupo mvuta magari mabovu, alikuta watu wanne ndani ya gari lililokufa, akaona vibaya kuwaacha juani. Tulikuwa kumi na wawili. Msafirishaji wa kweli alikuwa mmoja tu, na huyo alikuwa na wakili wa kulipa, alitoka wiki iliyopita. Nimewasimulia nilivyocheza kamari na seneta kule Laredo. Wote wameamini, isipokuwa fundi wa mabomba.

Mwambie comadre nina neno naye. Wakili anasema upande wa mashtaka hawana kitu ila mdomo wangu na blanketi. Watalitundika blanketi mbele ya wale raia kumi na wawili watakaoamua kesi na kusema: tazameni, alimficha. Mwezi wa nane, nani anajifunika blanketi mwezi wa nane? Mtu wa kujibu swali hilo ni mmoja. Akisimama pale comadre, kijitu kilichobaki mifupa, akasema, "Nilisikia baridi," yamekwisha, twende nyumbani. Najua wanaweza kumkamata mlangoni. Mwulize tu. Simlazimishi.

Nikwambie ukweli, Dada, usicheke. Usiku mtu mmoja humu alijifunga shuka shingoni, tukamwahi. Mimi sina hayo mawazo, kwa sababu kila asubuhi najiambia, Cuco, amka, comadre anasubiri gari. Siku nikisikia hayupo, sitaamka.

Tarehe mbili Novemba, siku ya marehemu, mpelekee mtoto wangu wa ubatizo kigari chake cha kuchezea kaburini. Kila mwaka nampa kimoja. Mwaka huu kiwe chekundu.

Cuco

---

Santa Rufina
3 Novemba 2024

Cuco,

Nimekipeleka kigari. Chekundu, milango inafunguka. Makaburini watu walikuwa wengi, maua ya njano mpaka barabarani. Nilinunua mengi kuliko nilivyohitaji.

Comadre anakusalimu. Nimemwuliza ulichotaka nimwulize. Anasema atakuja kusema.

Baridi imeanza. Funga kifua.

Natividad

---

Mahabusu ya kukodi
8 Desemba 2024

Dada,

Barua yako fupi kama sketi, lakini imenitosha. "Anasema atakuja kusema." Nimeisoma kwenye kile kioo mara tatu, mpaka walio nyuma wakanitukana mama.

Sasa cheka. Jana wakili kaja na kigari chake, amechoka, ana kesi tisini na mbili kama yangu katika wilaya nne. Kasema: "Mzee, wamekuletea makubaliano. Ukiri kosa dogo, miaka miwili. Miezi uliyokaa inahesabiwa. Krismasi ya 2026 unakula tamale kwako. Ofa inakufa tarehe ishirini Desemba."

Nikamwuliza, nakiri nini hasa?

"Kwamba ulimficha."

Nikamwambia, mama, mimi nimedanganya wanawake, mabenki na mapadre, uongo sio kitu kigeni kwangu. Lakini huu nitausaini halafu nimtazame vipi comadre? Amekubali kuja kukamatwa kwa ajili yangu, mimi nimwambie asante, usisumbuke, nimeshawaandikia kwamba wewe ulikuwa mzigo? Akasema, "Fikiria mpaka tarehe kumi na tisa, nitarudi." Nimeshafikiria. Ndiyo faida ya kuwa na akili kama yangu, haichukui muda.

Mwombe comadre aniandikie mstari mmoja, hata kama mkono unatetemeka. Mbona haandiki? Kanuna kuhusu usukani?

Mnapofunga tamale mwaka huu, za nyama nyekundu mwekee yeye, ingawa daktari kakataza.

Cuco

---

Santa Rufina
13 Desemba 2024

Cuco, mdogo wangu,

Saini. Kabla hujasoma zaidi, mwite mlinzi, mwite wakili, saini.

Elodia amekufa. Alikufa tarehe 29 Oktoba, Jumanne, saa tatu asubuhi, nyumbani kwangu, kwenye kochi lako. Barua yangu ya Novemba ni ya uongo. Nilipokiweka kile kigari, udongo wa kaburi la pembeni ulikuwa bado haujashikana, na maua yale mengi yalikuwa yake. Uliniandikia kwamba siku ukisikia hayupo hutaamka. Nikawaza, nitamwambia baadaye. Sikujua kuna ofa inakuja. Nilidhani nakuachia sababu ya kuamka.

Kuna jingine. Tarehe mosi Oktoba wilaya iliondoa gari la wagonjwa Santa Rufina. Vitanda mlivyokodishiwa huko vimekula fedha. Sasa gari linatoka mji wa wilaya, dakika hamsini na tano kama hakuna ng'ombe barabarani. Diwani mmoja aliuliza, "Santa Rufina watafanyaje?" Mwenyekiti akasema, "Watu wa kule husaidiana, watapeana lifti." Wote wakanyosha mikono. Najua, kwa sababu muhtasari niliupiga chapa mimi. Nikasahihisha hata nukta. Nikarudi nyumbani nikala.

Asubuhi ile nilipiga simu. Nikatoka barabarani na gauni la kulalia, nikasimamisha magari. Mawili yalisimama. Waliponiuliza ni nani, nikawaambia, wakasema pole mama. Mmoja alilia, lakini aliondoka. Elodia alikuwa ananiambia niingie ndani, nitapata mafua.

Nimeomba ofisini wampigie wakili wako mara tano, mashine yake imejaa, haipokei ujumbe tena. Barua hii nimelipia iende haraka. Miaka miwili, Cuco. Saini uongo wao. Mimi nimeshakudanganya bure, wewe danganya kwa faida.

Dada yako

---

Mahabusu ya kukodi
5 Januari 2025

Dada,

Barua yako nimeisoma tarehe mbili Januari. Ile haraka uliyolipia iliishia kwa kampuni ya picha. Walikuwa likizo ya Krismasi.

Wakili alikuja tarehe kumi na tisa kama alivyoahidi. Nilimchania ile karatasi mbele yake, vipande vinne. Nikamwambia, "Comadre anakuja." Chumba kizima kilinipigia makofi. Hata yule fundi wa mabomba.

Mwendesha mashtaka kaulizwa kama atairudisha ofa. Kajibu kwamba sasa hana haja.

Usijiue kwa mawazo. Ningekuwa mimi ningedanganya vizuri zaidi, ningekupa hata maneno aliyosema, lakini ningedanganya. Isitoshe tulijifunza kwa mama mmoja. Unakumbuka mbwa wetu alipokufa, mama akasema kamwazima mjomba?

Nauliza kitu kimoja, unijibu ukweli. Alikuwa anasikia baridi? Ulimfunika na nini, maana blanketi lake wanalo wao?

Nimeamka, kama unataka kujua. Nilidhani sitaamka. Mlinzi anawasha taa saa kumi na moja, mtu anaamka tu.

Refugio

---

Santa Rufina
16 Machi 2025

Cuco,

Nilimfunika koti lako la kazi na mapazia ya sebuleni. Alisema yanatosha. Hayakutosha.

Hukupata nafasi ya kunitazama mahakamani, na walikuondoa haraka. Nilikuwa mstari wa tatu. Nililiona blanketi likitundikwa kwenye vyuma viwili, yule chui ana macho kama mtu aliyeamshwa. Nikasikia sauti yako kutoka kamera ya askari ikisema, "Nikitaka kumpitisha mtu usimwone, hutamwona." Raia wawili walicheka, kwa sababu ulichekesha. Halafu wakakutia hatiani.

Wakili alimwita mkuu wa kliniki aeleze kwamba watu wa figo husikia baridi. Mwendesha mashtaka akamwuliza, "Ulikuwemo ndani ya gari?" Hakuwemo. Aliyekuwemo yuko chini ya msalaba ambao bado sijamaliza kuulipia.

Baada ya hukumu mwanamke mmoja kati ya wale kumi na wawili alinikuta kwenye ngazi. Mikono yake ilikuwa inatafuta pa kukaa.

"Mama, hatukuambiwa ni miaka mingapi. Tulidhani mmoja, miwili. Jaji alisema kumi, nikadhani sikusikia."

"Ulisikia," nikamwambia. "Asiyesikia ni mimi."

Sikutaka kuwa mkali. Ana mtoto shule moja na wajukuu wa Ambrosio.

Ambrosio alikuja jioni na ndoo ya pilipili. Alikaa saa nzima akizitoa vikonyo. Akiondoka akasema, "Mke wangu alisafiri na blanketi pia. La maua." Basi.

Nimeomba wanirudishie la chui nimfunike nalo kaburini. Karani kasema ni kielelezo, litakaa ghala la jimbo mpaka rufaa yako iishe, na baada ya hapo huchomwa.

Jumatatu madiwani walikutana tena. Wanajenga jela mpya, vitanda mia mbili, ili wasikodi. Kodi ya majengo inapanda. Diwani akasema ni mradi utakaoleta kazi. Nilipiga chapa, Cuco. Nimebakiza miezi kumi na saba nipate pensheni, na nyumba yako sasa nailipia mimi. Niliacha nukta moja bila kuisahihisha. Hakuna aliyeona.

Nati

---

Gereza la jimbo
27 Aprili 2025

Dada Nati,

Anwani mpya hiyo hapo juu. Hapa ndipo pa kudumu, nimefika daraja la juu. Nitatoka nina sabini na moja, umri wa Ambrosio alipokuwa anamwagilia pilipili. Wewe utakuwa na sabini na sita, na hutasikia nikigonga mlango, kwa hiyo acha wazi.

Wamenipa kazi. Waliuliza nani ana uzoefu wa kubeba watu, nikanyosha mkono. Mimi ndiye nasukuma viti vya magurudumu kutoka mabwenini mpaka zahanati. Dereva ni dereva.

Dada, hapa zahanati zipo mashine za figo. Kumi na mbili, mpya, zinang'aa kama vinanda. Nilipoziona mara ya kwanza nilisimama mlangoni na kiti cha watu mpaka mgonjwa akaniuliza kama nimekufa. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nawapeleka watu kumi na mmoja. Hawasubiri midomo ibadilike rangi. Mtu akichelewa robo saa, muuguzi anapiga simu bwenini, yuko wapi fulani? Mmoja aliua watu wawili. Mwingine hana karatasi kabisa, wa kwetu kule mpakani, kachoma duka. Nilimwuliza, "Wewe, hawakudai karatasi?" Akacheka. "Mzee, mimi ni mfungwa. Mfungwa ni mali yao, lazima wamtunze." Yuko mwaka wa sita kwenye mashine. Kanenepa.

Anasikia baridi, huyo. Namfunika miguu na blanketi la gereza, la kijivu, jembamba, halina mnyama. Hakuna aliyeniuliza namficha nani.

Nimelifikiria hili jambo juu chini, na unajua akili yangu haichukui muda, lakini hili limechukua. Miaka yote comadre aliniomba kitu kimoja, nami nikamkatalia kwa sababu ya leseni. Kumbe kuendesha bila leseni, kuendesha ovyo, kumgonga ng'ombe wa mtu, kumgonga hata yule askari, lolote lingetosha wamfunge. Angekuwa hapa, upande wa wanawake, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, ananitukana kwamba nasukuma kiti kama padre.

Alinizidi akili. Ningejua, siku ile penye mizani ya ng'ombe ningempa usukani.

Mdogo wako,
Cuco